Mulier, Mama na Mwanamke: Uhakiki wa Visawe vya Neno la Kilatini katika Biblia ya Kiswahili kwa Msomaji wa Mbulu na Hanang

Ikisiri

Neno la Kilatini *mulier* lina maana ya mwanamke, lakini pia hutumika kwa maana ya mke na kama neno la kumwita mwanamke yeyote aliye mbele ya msemaji. Makala hii inahakiki namna neno hilo linavyogawanyika katika visawe vitatu vya Kiswahili, yaani *mke*, *mwanamke* na *mama*, katika tafsiri ya Biblia iitwayo *Union Version* ya mwaka 1952. Uhakiki umejikita katika mahali ambapo *mulier* ni neno la kuitia. Inadaiwa kuwa tafsiri imetumia *Mama* kama alama ya heshima na kuinyima alama hiyo kwa mwanamke mmoja anayeshitakiwa hadharani. Mjadala umewekwa katika mazingira ya wilaya za Mbulu na Hanang, ambako lugha za familia nne hukutana na ambako namna ya kumwita mwanamke hubeba hadhi yake katika jamii.

1.0 Utangulizi

Tafsiri ya neno la kuitia ina ugumu wake. Nomino ya kawaida humtaja mtu asiyekuwapo, lakini neno la kuitia humkabili mtu aliyepo na kumpa nafasi papo hapo. Mfasiri anayekosea kisawe cha nomino hupotosha habari. Anayekosea kisawe cha kuitia hupotosha uhusiano wa watu wawili.

*Mulier* ni mfano mzuri wa ugumu huo. Katika Injili za Kilatini, neno hilohilo moja humwita mama mzazi, mgeni kisimani, mgonjwa katika sinagogi, mtumishi wa kike uani, mtu anayelia kaburini na mtu aliyefumaniwa katika uzinzi. Kilatini hakiwatofautishi, na Kigiriki, ambacho ndicho chanzo cha matini ya Kilatini, hakiwatofautishi vilevile. Kiswahili cha *Union Version* kinawatofautisha. Swali linaloongoza makala hii ni kwamba tofauti hiyo imewekwa kwa kigezo gani, na ina gharama gani kwa msomaji.

Msomaji anayezingatiwa ni wa Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Uteuzi huo una sababu mbili. Kwanza, Kilatini kilisikika huko kwa miongo mingi katika ibada za Kikatoliki. Mbulu ilikuwa makao ya Perfektura ya Kitume kuanzia mwaka 1943 na ikawa jimbo mwaka 1953, miaka kumi kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kufungua mlango wa lugha za wenyeji katika liturujia. Pili, sehemu kubwa ya wakazi hukipokea Kiswahili kama lugha ya pili, kwa hiyo hupima maneno ya kuitia ya Kiswahili kwa mizani ya lugha zao za kwanza.

Ni muhimu kubainisha kwamba *Union Version* haikutafsiriwa kutoka Kilatini, wala haikuanzia katika Kanisa Katoliki. Ilitokana na juhudi za kuunganisha tafsiri za awali za Mombasa na Zanzibar. Hapa Kilatini kinatumika kama kioo: kinaonesha jinsi matini inavyosomeka pale ambapo neno moja linaachwa kuwa moja.

2.0 Mulier katika Kilatini

Kilatini kina maneno kadhaa yanayokaribiana katika uwanja huu. *Femina* husisitiza jinsia ya kike na hutumika hata kwa wanyama. *Uxor* ni mke wa ndoa. *Virgo* ni mwanamwali. *Mulier* husimama katikati: ni mwanamke mtu mzima, na mara nyingi hutofautishwa na *virgo*. Lugha zilizotokana na Kilatini zimerithi utata wake. Kihispania *mujer* ni mwanamke na pia mke, ilhali Kiitaliano *moglie* kimebaki na maana ya mke peke yake.

Mpaka kati ya *mulier* na *virgo* ulizua mijadala ya kisheria na ya kidini. Mwanasheria Ulpian, ambaye maneno yake yamehifadhiwa katika *Digesta* ya Justinian, alieleza kuwa jina *mulier* humjumuisha hata mwanamwali aliyefikia umri wa kuolewa. Tertullian wa Carthage, katika andiko lake kuhusu mabikira na ushungi, alishikilia kuwa *mulier* ni jina la jumla na kwamba *virgo* ni aina moja tu ndani yake. Wote wawili walitambua kuwa kuamua nani anaitwa mwanamke ni kuamua pia sheria gani inamhusu. Isidore wa Seville naye alilihusisha neno hilo na ulaini, na neno *vir*, yaani mwanamume, na nguvu. Etimolojia hiyo haikubaliki kiisimu, lakini inaonesha jinsi jamii inavyoweza kupachika itikadi yake ndani ya neno.

Kama neno la kuitia, *mulier* lilitumika katika tamthilia za Plautus na Terence kwa wanawake wa hadhi mbalimbali. Halikuwa tusi kwa asili yake, wala halikuwa cheo. Joto au ubaridi wake ulitokana na sauti na muktadha. Jerome, aliyepewa na Papa Damaso kazi ya kurekebisha Injili za Kilatini mwaka 382, alilikuta likiwa tayari ni kisawe cha kawaida cha neno la Kigiriki. Hata hivyo hakuwa mtumwa wa kisawe kimoja. Katika Mwanzo 2:23, ambapo Kiebrania kinacheza na ufanano wa jina la mwanamume na la mwanamke, aliacha *mulier* na kutumia *virago* ili mchezo huo wa sauti usikike pamoja na *vir*. Kiswahili hakikuhitaji ufundi huo, kwa kuwa *mwanamume* na *mwanamke* tayari ni jozi iliyojengwa kwa mzizi *mwana*.

3.0 Mazingira ya Lugha ya Mbulu na Hanang

Ni sehemu chache za Afrika zenye mkusanyiko wa lugha kama huu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatooga ni ya Kiniloti, Kihadza cha bonde la Yaeda hakina ndugu anayekubalika na wanaisimu wote, na Kiswahili, pamoja na lugha za majirani wa magharibi, ni cha Kibantu. Lugha hizi huonesha uke kwa njia tofauti. Kiiraqw kina jinsi za kisarufi, na kitenzi chake hubadilika kulingana na jinsi ya mtenda katika nafsi ya tatu umoja (Mous, 1993). Kihadza huongeza kiambishi tamati *-ko* kuonesha jinsi ya kike. Katika Kidatooga, majina ya watu huanza na *Gida-* kwa wanaume na *Uda-* kwa wanawake. Kiswahili kina kiambishi *a-* kwa wote. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiiraqw anapohamia katika Kiswahili, hupoteza alama ya jinsia katika kitenzi, na mzigo wote wa kumtambulisha mwanamke huangukia nomino.

Nomino hizo zina uzito wake. Kiiraqw hutofautisha *dasi* (msichana), *ameeni* (mwanamke) na *aayo* (mama). Neno la tatu ndilo lenye heshima ya kuitia. Katika Kiswahili cha eneo hilo, kama ilivyo kwingineko Tanzania, mwanamke mtu mzima huitwa *mama*, au *Mama* likifuatiwa na jina la mtoto wake. Kumwita mtu mzima "wewe mwanamke" ni kumgombeza au kumtenga.

Miongoni mwa Wadatooga suala hili limeingia ndani ya msamiati wenyewe. Mitchell (2015) ameonesha kuwa mwanamke aliyeolewa huepuka kutamka majina ya wakwe zake wakubwa na hata maneno yanayofanana nayo kwa sauti, na badala yake hutumia maneno mengine yaliyokubaliwa na wanawake. Kuolewa huko ni kuanza kusema kwa namna nyingine. Klima (1970), katika utafiti wake kuhusu Wabarabaig wa Hanang, alieleza baraza la wanawake liitwalo *girgwageda gademga*, ambalo humwita mwanamume aliyekiuka haki za wanawake na kumtoza faini ya ng'ombe. Jina la chombo hicho halina neno mama ndani yake. Wanawake hukaa katika baraza hilo kama wanawake, na hadhi yao ya kuhukumu inatokana na hilo.

Kwa upande wa Wairaqw, maandishi ya kianthropolojia yanaeleza desturi ya zamani ambapo msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alihesabiwa kuwa amelitia eneo zima unajisi, akafukuzwa nyumbani. Baadhi yao walipata hifadhi kwa Wadatooga. Msichana huyo alikuwa amekwisha kutoka katika hali ya *dasi*, lakini hakupewa nafasi ya kuwa *aayo* katika nyumba inayotambulika. Alikuwa mtu mzima asiye na jina la heshima la kuitwa. Hali yake inapaswa kukumbukwa wakati Yohana 8 inaposomwa.

4.0 Visawe vya Kiswahili: Mke, Mwanamke, Mama

Mgawanyo wa kwanza katika *Union Version* unatokana na mahitaji ya lugha yenyewe. *Mulieres* wa Waefeso 5:22 wamekuwa *wake*, kwa sababu wanatajwa pamoja na waume zao. *Mulieres* wa 1 Wakorintho 14:34 wamekuwa *wanawake*, kwa sababu habari ni ya mkutano mzima. Kiswahili cha sasa kinalazimisha uteuzi huo, ingawa mzizi *-ke* wenyewe hubeba maana zote mbili, kama inavyodhihirika katika *mtoto wa kike*, na kama Kiganda *omukazi* kinavyoendelea kuzibeba pamoja. Hapa mfasiri anaongozwa na muktadha, na msomaji hapotezi kitu kikubwa.

Katika sala ya Salamu Maria umetokea uteuzi wa aina nyingine. Kilatini kinamweka Maria *in mulieribus*, yaani miongoni mwa wanawake. Kiswahili kinamweka *kuliko* wanawake wote. Ufafanuzi huo unaweza kutetewa, kwa kuwa usemi wa Kisemiti ulio nyuma ya maneno hayo hubeba maana ya kuzidi. Lakini *miongoni* humwacha mtu ndani ya kundi, na *kuliko* humwinua juu yake. Mwelekeo huohuo wa kupanga wanawake kwa ngazi unajitokeza katika maneno ya kuitia.

Mgawanyo wa maneno ya kuitia ni huu. *Union Version* ina *Mama* katika Mathayo 15:28 (mwanamke Mkananayo), Luka 13:12 (mwanamke aliyepindana mgongo), Yohana 2:4 na 19:26 (mama yake Yesu), Yohana 4:21 (mwanamke Msamaria) na Yohana 20:13 na 20:15 (Maria Magdalene). Ina *mwanamke* katika Luka 22:57, pale Petro anapomkana Yesu mbele ya mjakazi, na katika Yohana 8:10, pale Yesu anapomwita yule aliyefumaniwa. Katika mahali pote hapo Kilatini kina *mulier*.

5.0 Mnyororo Uliokatika

Hasara ya kwanza ni ya kimuundo. Katika Kilatini, *mulier* wa Mwanzo 3:15, ambaye uadui unawekwa kati yake na nyoka, anasikika tena Kana, anasikika chini ya msalaba, na hatimaye anaonekana katika Ufunuo 12:1 akiwa amevikwa jua. Ufafanuzi wa Kikatoliki wa karne nyingi umejengwa juu ya mwangwi huo. Mwana hamwiti mzazi wake *mater*, na ugeni wa jambo hilo humfanya msomaji asimame na kuuliza kwa nini.

Katika Kiswahili mfuatano huo ni *mwanamke*, *Mama*, *Mama*, *mwanamke*. Msomaji hapati sababu ya kusimama, kwa kuwa mwana kumwita mama yake *Mama* ni jambo la kila siku. Kwa msomaji wa Kiiraqw hasara hiyo ina upande wa pekee. Katika imani ya jadi ya Wairaqw, Looa, ambaye jina lake ni jina la jua, ni wa kike na hufikiriwa kuwa na wema wa mzazi. Picha ya mwanamke aliyevikwa jua ingeweza kumfikia msomaji huyo kwa nguvu isiyopatikana kwingine. Inamfikia, lakini ikiwa imetenganishwa na mwanamke wa Kana na wa msalabani.

Hata hivyo, wafasiri hawawezi kulaumiwa kwa uteuzi wao wa Yohana 2:4. Kwa mtazamo wa Nida na Taber (1969), tafsiri hupimwa kwa namna wapokeaji wanavyoitikia. Kijana wa Kitanzania anayemwambia mzazi wake "mwanamke" amemvunjia heshima, na msikilizaji wa Mbulu angeisikia kauli hiyo kama *ameeni* mahali pa *aayo*. Matini ya Kigiriki na ya Kilatini haikukusudia utovu wa adabu. Kati ya kukata mnyororo na kumfanya Yesu amtukane mama yake, wafasiri walichagua hasara iliyo ndogo.

6.0 Aliyenyimwa "Mama"

Hasara ya pili haina utetezi wa namna hiyo. Ikiwa *Mama* katika *Union Version* lingekuwa na maana ya mzazi peke yake, lingefaa kwa Maria wa Nazareti tu. Lakini limetumika kwa Msamaria, kwa Mkananayo na kwa mgonjwa ambaye uzazi wake hautajwi. Kwa hiyo limetumika kama neno la heshima kwa mwanamke mtu mzima, sawasawa na matumizi ya mitaani. Likishapewa kazi hiyo, kutolitumia nako kunakuwa na maana.

Katika Luka 22:57 ukosefu huo unaweza kuelezwa kwa urahisi. Anayesema ni Petro aliyebanwa, anayesemeshwa ni mjakazi, na ukali wa *mwanamke* unaafiki hofu ya msemaji. Katika Yohana 8:10 anayesema ni Yesu. Waliomleta mwanamke wamekwisha kuondoka mmoja mmoja. Hukumu imeshindikana. Neno la kwanza analoambiwa mshitakiwa baada ya mawe kuwekwa chini ndilo linaloamua kama mahakama imefungwa kweli. Kilatini kinamwita kwa neno lilelile aliloitwa mama yake Yesu Kana. Kiswahili kinamwita kwa neno lilelile ambalo msimulizi amekuwa akimtajia tangu alipokamatwa, na ambalo Petro alimtupia mjakazi.

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba wafasiri hawakuongozwa na hukumu ya kimaadili, kwa kuwa Msamaria, mwenye historia ya waume watano, ameitwa *Mama*. Pingamizi hiyo ina nguvu, na inaonesha kuwa dhambi peke yake si kigezo. Lakini Msamaria anazungumza na Yesu kisimani, faraghani. Wa Yohana 8 amesimamishwa katikati ya watu. Kinachomtofautisha ni fedheha ya hadharani, na fedheha ndiyo inayomvua mtu jina la heshima katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Inaelekea wafasiri waliisikia sauti ya umati na kuiacha iingie katika kinywa cha asiyekuwa mmoja wao.

Pingamizi ya pili ni kwamba *Mwanamke* katika Yohana 8:10 ni mwangwi wa simulizi tu, kwa kuwa msimulizi ametoka kusema "yule mwanamke". Hoja hii ingetosha kama kigezo hicho kingefuatwa kwingine. Katika Yohana 4 msimulizi humtaja Msamaria kama mwanamke mara nyingi, na bado Yesu anamwita *Mama*. Katika Luka 13 hali ni hiyohiyo.

Kwa msomaji wa Mbulu na Hanang, hili si suala la mtindo tu. Katika jamii iliyowahi kumfukuza msichana mwenye mimba kwa kumnyima nafasi kati ya *dasi* na *aayo*, kisa cha Yohana 8 kinagusa kumbukumbu ya familia halisi. Msomaji huyo ana masikio ya kutambua nani ameitwa *Mama* na nani hakuitwa. Anachokisikia katika Kiswahili ni kwamba aliyesamehewa amesamehewa, lakini hakurudishiwa jina. Matini ya Kilatini, ambayo bibi zake waliisikia bila kuielewa, haikuwa na ubaguzi huo.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kuwa mgawanyo wa *mulier* katika Kiswahili una tabaka mbili. Tabaka la *mke* na *mwanamke* linatokana na sarufi na muktadha. Tabaka la *mwanamke* na *Mama* linatokana na adabu ya kuitana, na adabu hiyo imetumika bila ulinganifu katika Yohana 8:10. Marekebisho yanayopendekezwa ni madogo: kuandika *Mama* katika aya hiyo kama katika Yohana 4:21. Hayatarudisha mwangwi wa Mwanzo 3:15, ambao unaweza kuelezwa katika maelezo ya pembeni ya Yohana 2:4 na 19:26. Yatarudisha usawa wa wanawake wanaoitwa na msemaji mmoja.

Suluhisho hilo linaacha swali moja kwa watafiti wa tafsiri. *Mama* kama neno la heshima humheshimu mwanamke kwa kumhesabu kuwa mzazi, hata pale asipokuwa mzazi. *Mwanamke* ndilo neno lililo karibu zaidi na upana wa *mulier*, nalo limeendelea kubeba heshima pale wanawake wanapojitaja kwa wingi, kama katika jina la Umoja wa Wanawake wa Tanganyika la mwaka 1962 na la Wanawake Wakatoliki Tanzania (WAWATA) la mwaka 1972. *Girgwageda gademga* ya Hanang ni ushahidi wa zamani zaidi kwamba hadhi hiyo haihitaji kuazimwa kutoka uzazi. Kwa wingi, *wanawake* limekwisha kuwa jina la heshima. Kwa umoja, likiwa neno la kuitia, bado ni karipio. Siku pengo hilo litakapozibika katika mazungumzo ya kawaida, mfasiri wa Yohana ataweza kuwaita wote kwa neno moja bila kumvunjia heshima hata mmoja wao.